Tabo ilivyoniumbua Magamba

KUNA watu wanaumbuliwa na madeni, wengine wanaumbuliwa na mapenzi. Mimi, msomaji wangu, niliumbuliwa na injini. Tena siyo injini ya mkweche uliochoka, bali injini yenye jina lake, ile inayofanya vijana wa mjini wageuze shingo mpaka zikakamae. Na kabla hujaanza kuilaumu, nikuambie mapema: mwenye makosa nilikuwa mimi.

Ni kisa cha Desemba 2014, nyumbani kwetu Magamba, juu ya Lushoto. Miaka imepita, lakini nikikumbuka ule usiku nasikia baridi mgongoni, na wala siyo baridi ya Usambara.

Twende taratibu.

MSHIKO WA MAMA

Marehemu baba alituachia shamba lenye miti ya mbao. Mwaka ule familia ikakubaliana miti iliyokomaa ikatwe, iuzwe, kila mtu apate chake. Mama alipopata fungu lake hakununua hata kitenge. Aliniita, akanikabidhi shilingi milioni sita zikiwa zimefungwa kwenye khanga.

"Mwanangu, wewe uko Dar unahangaika na madaladala," akaniambia. "Chukua hizi, tafuta kagari kadogo ka kazi. Ukianza kupata, utanirudishia kidogo kidogo niezeke nyumba."

Kagari kadogo ka kazi. Hayo ndiyo yalikuwa maagizo. Mimi nilikuwa na milioni mbili zangu za kudunduliza, jumla milioni nane. Kwa pesa hiyo, wakati ule, ungepata kigari cha maana cha kubebea mizigo au cha kufanyia teksi, na chenji ikabaki.

Sasa pale kijiweni kwetu Kinondoni kulikuwa na jamaa anauza Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini. Rangi ya bluu, bawa nyuma, boneti ina tundu kubwa kama pua ya nyati. Alipoiwasha, ikanguruma ule mlio wake wa bubububu ambao unausikia kifuani kabla haujafika masikioni. We acha tu! Madada waliokuwa wanasuka nywele kibarazani waligeuka wote. Nami nikajiona tayari niko ndani, kioo chini, kiwiko nje.

Sikuuliza oili ilibadilishwa lini. Sikuuliza mkanda wa taimingi umetembea kilomita ngapi. Niliuliza swali moja tu la kijinga: "Inakimbia?"

Jamaa akacheka. "Bwana mdogo, hii haikimbii. Inaruka."

Jioni ile nikampigia Mama. "Nimepata, Mama. Gari la kazi."

FARASI 240 KWENYE LITA MBILI

Ili uelewe ulevi ulionishika, lazima nikueleze kidogo kuhusu hiyo injini. Wale mnaojua magari nivumilieni, na wale wa "mimi ninachojua ni kupanda tu" msikimbie, nitaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka.

WRX ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1992. Injini yake inaitwa EJ20. Ukubwa wake ni cc 1,994, yaani lita mbili kasoro kidogo, lakini ilikuwa inatoa nguvu za farasi 240. Linganisha na Corolla ya cc 1,500 ya zama zile zile, iliyokuwa na farasi mia moja hivi. Kabla muongo ule haujaisha, WRX ilikuwa imefika farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe wasikivuke.

Pistoni zake nne hazisimami kama za magari mengi. Zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, zinarushiana ngumi kama mabondia. Kwa hiyo uzito wa injini unakaa chini na gari linashika kona vizuri. Na ule mlio? Unatokana na mabomba ya eksozi yasiyo na urefu sawa, moshi wa upande mmoja unachelewa kuliko wa upande wa pili. Ndiyo bubububu yenyewe.

Sasa mwenye kazi kubwa ni tabo. Tabo ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi wa eksozi, ambao kwenye gari la kawaida unatupwa nje bure, unaizungusha feni ya kwanza. Feni ya pili inavuta hewa na kuisindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli inaongezwa, na nguvu inazidi. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, ule mhimili unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na moshi unaousukuma una joto la nyuzi 800 na zaidi. Kinachouzuia usisagike na usiungue ni utando mwembamba wa oili.

Hebu ishike hiyo habari ya oili. Tutairudia.

Pale kijiweni hayo ya oili hatukuwa tunayazungumza. Sisi tulijua upande wa sifa tu. Tulikuwa tunahesabu ushindi wa Safari Rally kama watu wanavyohesabu mabao ya Simba na Yanga. Kwamba yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, gari lenye tabo lilishinda mwaka 1984, Toyota Celica ya Björn Waldegård. Kwamba mwaka 1993 Celica za tabo zilishika nafasi nne za kwanza zote. Kwamba mwaka 1997 marehemu Colin McRae alishinda na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns, naye sasa ni marehemu, akarudia na Impreza vilevile.

"Kama iliweza matope na mawe ya Safari," nikawa natamba, "itashindwa Lushoto?"

Hakuna aliyenikumbusha kwamba magari yale yalikuwa yanafuatwa na mafundi barabarani, tena kwa helikopta, na kila yaliposimama yalivamiwa na watu wenye spana na vipuri vipya. Mimi fundi wangu alikuwa nani? Mwosha magari.

KONA ZA MOMBO

Desemba 24 nikaondoka Dar alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, gari linateleza kama samaki. Nilipofika Mombo nikaweka petroli, nikanunua machungwa, nikageuka kulia kuutazama mlima.

Kama hujawahi kupanda Lushoto kutokea Mombo, ni kilomita thelathini na ushee za lami nyembamba inayojinyonganyonga kama nyoka. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili korongo. Unapita Soni na maporomoko yake, unaendelea kupanda, masikio yanaziba, joto la tambarare linaisha na unaanza kutafuta sweta.

Kadiri unavyopanda hewa nayo inapungua uzito. Lushoto mjini ni meta 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi. Gari la kawaida linakosa pumzi kama mzee anayepanda ngazi. Unakanyaga, linalia, haliendi. Lakini gari la tabo linajisindilia hewa lenyewe, kwa hiyo mlima haulinyang'anyi nguvu kirahisi. Siku ile niliyapita magari kama yamepaki. Nikapita Noah, nikapita Fuso tupu lililokuwa linapanda kufuata kabichi. Utingo wa Fuso akanipigia mluzi, nami nikajibu kwa honi. Ujiko, ndugu yangu, ni ugonjwa.

Nisichokijua ni kwamba hakuna cha bure. Tabo inapofidia hewa nyepesi, inafidia kwa kuzunguka zaidi na kupata moto zaidi. Nusu saa na zaidi ya kukanyaga kwenye mlima ule siyo sawa na kupiga honi mbele ya baa Kinondoni.

Baada ya Soni, kwenye kona moja kali, taa nyekundu ya oili ilipepesa kwenye dashibodi. Ikawaka, ikazima. Nikajisemea, "Waya hizo." Nikaongeza redio.

Magamba nikaingia kwa mbwembwe zote. Watoto wakakimbilia gari, wajomba wakatoka, mashangazi wakapiga vigelegele. Nikasimama katikati ya uwanja na kuzima injini hapo hapo, maana shujaa hakai ndani ya gari watu wanamsubiri.

Mama akalizunguka lile gari polepole. Akaligusa bawa la nyuma. "Hili la kuanikia nguo?"

Watu wakacheka.

"Na mzigo unakaa wapi?"

"Kuna nafasi, Mama. Viti vya nyuma unalaza."

Akavuta pumzi puani. "Mbona linanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni?"

"Harufu ya safari hiyo, Mama."

Hakusema kitu tena. Aliniangalia tu, kisha akaingia ndani kunitengea chakula.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mfalme. Magamba kwenda Lushoto, Lushoto kurudi Magamba, ndani nimejaza binamu zangu, kila kona ni kukanyaga, kila kituo ni kuzima ghafla. Siku ya tatu binamu yangu mmoja akaniambia, "Kaka, nyuma unatoa moshi wa bluu." Nikamwambia gari za mashindano ndivyo zilivyo.

USIKU WA UKUNGU

Dada yangu alikuwa mjamzito, anatarajia kujifungua Januari katikati. Alikuja kwa Mama apate kupumzika. Usiku wa kuamkia tarehe 28, saa nane, Mama akagonga mlango wangu kwa kiganja.

"Amka. Dada yako uchungu umemshika. Washa gari."

Nilivaa suruali nikiwa natembea. Nje ukungu wa Magamba ulikuwa umeshuka mpaka chini, mkono wako huuoni. Tukampakia dada nyuma na Mama, shemeji akakaa mbele na mimi. Nikawasha. Injini ikanguruma, lakini kulikuwa na sauti nyingine chini yake, ndogo, kama mtu anagonga bati kwa kijiko. Nikajifanya sijaisikia.

Kutoka Magamba kwenda hospitali Lushoto ni mteremko mtupu wenye kona. Kona ya kwanza sawa. Kona ya pili, taa ya oili ikawaka. Safari hii haikupepesa, ilibaki imewaka. Kile kijiko kikageuka nyundo: ko, ko, ko, ko. Dada analia nyuma, Mama anamwambia, "Jikaze mwanangu, tunafika." Shemeji akanigeukia, hakusema neno, lakini macho yake yalisema yote.

Kona ya tatu injini ikapiga kishindo kimoja na kunyamaza.

Msomaji, sijui kama umewahi kuzimikiwa na gari kwenye mteremko gizani. Usukani unakuwa mzito kama umefungwa kamba. Breki unaikanyaga mara moja inashika, mara ya pili inakuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu kinachoisaidia mguu wako ni injini, na injini haipo. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye ukuta wa mlima. Likakwaruza, likasimama. Upande wa pili wa barabara, kwenye taa, sikuona miti. Niliona ukungu tu, na najua chini ya ule ukungu kuna nini.

Kimya. Halafu dada akalia tena.

Nikampigia mjomba simu. Imezimwa. Shemeji akafungua mlango, akavua koti akamfunika mkewe, akaanza kukimbia kupanda mlima kwa miguu. Mimi nilibaki nimeshika taa ya simu, Mama akinielekeza pa kumulika. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Wa Mama haukutetemeka hata kidogo.

Sijui ilichukua muda gani. Kwangu ilikuwa usiku mzima, ingawa Mama anasema haikufika saa. Tukasikia Land Rover 109 ya mjomba inashuka polepole, taa moja inawaka, nyingine imekufa. Lile gari ni la zamani kuliko mimi. Halina tabo, halina bawa, linanuka vitunguu na kabichi. Tukamlaza dada juu ya magunia. Mjomba aliposhika usukani alisema neno moja tu, "Bismillahi," na wakashuka kwa mwendo wa jongoo mpaka mlango wa hospitali.

Mtoto alizaliwa kabla hakujapambazuka. Wa kiume, mzima wa afya. Mimi nilipewa habari nikiwa bado pale konani, nalinda gari langu lisiibiwe vioo.

UKOKO

Asubuhi tukalikokota mpaka gereji moja Lushoto. Fundi alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Oili ulipima lini?"

Nikanyamaza.

"Swali rahisi hilo."

Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu. Injini ile inataka lita nne na nusu hivi. Alipofungua chini haikutoka hata lita moja na nusu, nayo nzito, nyeusi kama lami. Alipofungua zaidi akanionyesha beringi zinazoshika mikono ya pistoni. Zimesagika, zimebadilika rangi. Wenyewe wanasema injini imenoki.

Kisha akaniletea tabo mkononi. Akautikisa ule mhimili kwa kidole, ukacheza kama jino la mtoto. Ndani ya kinjia cha oili kulikuwa na kitu cheusi kimeganda.

"Unakijua hiki?"

"Hapana, mzee."

"Ukoko. Kama wa ugali."

Akakaa kwenye tairi, akanisomesha bila kunilipisha. Ukiwa umetoka kupanda mlima, tabo ni ya moto kupita kiasi. Ukizima hapo hapo, pampu ya oili inasimama, na oili iliyobaki ndani ya tabo inaungua na kuwa ukoko. Leo kidogo, kesho kidogo, kinjia kinaziba. Mhimili unakosa oili, unaanza kucheza, unakula mihuri inayozuia oili isitoke. Oili inavuja kwenye eksozi inaungua, ndiyo moshi wa bluu. Huku unatamba, huku oili inapungua. Ikishapungua, ukikata kona kali inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, taa inapepesa. Hapo beringi zinasagana chuma kwa chuma.

"Ile taa siyo salamu," akasema. "Ikiwaka, simama, zima. Hakuna 'nifike kwanza'."

"Angalau dakika moja mbili iache ingurume kabla ya kuzima, ukishatoka mlimani," akaendelea. "Na asubuhi usiikanyage ikiwa ya baridi. Oili ipime kila unapojaza petroli, ibadilishe kila kilomita elfu tano. Mkanda wa taimingi, kilomita laki moja haizidi. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, kwisha habari. Na maji pia, maana hiyo tabo inapozwa na maji vilevile."

Nikamwuliza swali nililodhani litaniokoa. "Kwa hiyo mzee, hizi injini ni mbovu?"

Akavua miwani. "Nani kakuambia? Injini nzuri sana hii. Ukiitunza inakwenda miaka. Ila haisamehi. Gari dogo la kawaida unaweza kulisahau likakuvumilia. Hii ikikupa nguvu mara mbili, inataka utunzaji mara mbili. Wewe ulichukua nguvu, utunzaji ukauacha dukani."

Injini nyingine ya mtumba, tabo na ufundi: milioni tatu na nusu. Mfukoni nilikuwa na laki mbili.

NG'OMBE WA KISASA

Jioni nikamwambia Mama kila kitu. Bei, moshi wa bluu, taa niliyoipuuza, na kwamba lile halikuwa gari la kazi tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakamua. Mama ana ng'ombe wawili, mmoja wa kienyeji na mmoja wa kisasa.

Hakugeuka. "Huyu wa kienyeji," akasema, "nikimwacha siku mbili bila pumba, maziwa anatoa kikombe, lakini hafi. Huyu wa kisasa anatoa ndoo. Nikimkosesha majani, maji, dawa, anakufa, tena haraka. Anayetoa nyingi ndiye anayetaka nyingi. Hukununua gari baya, mwanangu. Ulinunua ng'ombe wa kisasa, ukamwacha ajitafutie kama mbuzi wa barabarani."

Nikainamisha kichwa.

"Lakini siyo hilo lililoniuma," akaendelea, sauti imeshuka. "Uliniambia gari la kazi. Ungeniambia ukweli, jana usiku nisingemtegemea. Ningemwamsha mjomba wako mapema."

Ndugu zangu, kuna maneno hayapigi kelele lakini yanakaa. Hilo limekaa mpaka leo. Hasara ya injini inahesabika kwa shilingi. Lakini dada yangu alilazwa ndani ya lile gari kwa sababu watu waliamini neno langu.

Niliuza kilichobaki kwa milioni mbili kwa jamaa wa Tanga aliyetaka bodi. Zote nikampa Mama. Nne zilizobaki nilizilipa kidogo kidogo, huku nimerudi kwenye madaladala, nikiwa nimesimama mlangoni na kijiwe kizima kinanicheka. Bati la mwisho lilipigiliwa mwaka 2017. Nilipanda juu ya paa mwenyewe.

Leo nina kigari cha cc 1,300. Hakina tabo. Kila Jumamosi asubuhi nafungua boneti, nachomoa kijiti, nafuta, narudisha, nachomoa tena. Jirani yangu ananiona mgonjwa wa akili. Namwacha.

Sikuambii usinunue gari la tabo, msomaji. Mimi mwenyewe ikipita WRX bado nageuka, sitakudanganya. Nakuambia hivi: ukienda kununua, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, usikubali uikute imeshawashwa. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kusikiliza mlio. Tazama moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto ni maji yanaingia pasipotakiwa. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na kama hajui, hesabu haujabadilishwa. Kisha jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza: baada ya kununua, pesa ya oili, ya mkanda na ya fundi ninayo? Kama jibu ni "Mungu atajalia," basi hiyo gari bado si yako, hata kama kadi ina jina lako.

Na yule mtoto? Alipewa jina zuri la babu yake, lakini Magamba nzima hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Tabo. Amekuwa mvulana mkubwa sasa, na siku moja aliniuliza, "Mjomba, kwa nini naitwa Tabo?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama akajibu kutoka jikoni: "Kwa sababu ulikuja kwa kasi, lakini kwa gari la kabichi."

Haya, ni hayo tu kwa leo. Kapime oili.